Kruzi ya kifahari kwa mara ya kwanza: anza na pasipoti, meli baadaye

Kila kampuni ya meli za kitalii inajiita ya kifahari, hata ile ambayo asubuhi unapanga foleni kusubiri yai la kukaanga, na kila tangazo lina picha ileile ya mume na mke wamevaa meupe wameshika glasi wanaangalia jua linavyozama. Sasa wewe hujawahi kupanda kruzi hata moja ila hela umeiweka, labda ni miaka ishirini na tano ya ndoa, labda umestaafu na kiinua mgongo kimeingia, labda watoto walioko Houston au Birmingham wamechangishana wakutembeze, unaingia mtandaoni unakutana na majina kibao, bei zinaanzia dola mia na ushee kwa siku hadi elfu moja na zaidi kwa siku, na wote wanakuahidi pepo. Hapo ndo watu wengi wanaishia kuchagua kwa picha.

Ushauri mwingi uliopo umeandikwa na Wamarekani na Waingereza, na wao wanaanza na meli: meli gani nzuri, chumba gani, mpishi gani. Kwao sawa, pasipoti zao zinafungua karibu kila bandari. Wewe mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Burundi au Kongo ukifuata mpangilio huo unaweza kulipia meli nzuri kabisa halafu ukazuiwa kaunta ya bandarini, na ukizuiwa kwa kukosa viza usitegemee kurudishiwa hela, mikataba yao inaweka mzigo wa nyaraka zote kwa abiria. Kwa hiyo mimi nakwambia anza na njia, yani meli inapita wapi na kila nchi inataka nini kwenye pasipoti yako, ndo uje kwenye meli.

Tuchukue Mediterania maana ndiko wengi wanakoanzia na ndiko meli za kifahari zinakojazana kuanzia Aprili mpaka Oktoba. Safari ya siku saba kutoka Barcelona kupitia Marseille, Livorno na Civitavecchia kisha kurudi inagusa Uhispania, Ufaransa na Italia, zote zimo Schengen, yani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza ya pamoja, kwa hiyo viza moja inatosha, unaiombea ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi na siku zikilingana basi nchi ya kwanza kuingia. Ila safari ya kutoka Athens kwenda visiwa vya Ugiriki halafu Kuşadası au Istanbul halafu unarudi Ugiriki, hiyo imetoka Schengen ikaingia Uturuki ikarudi Schengen, kwa hiyo unatakiwa uwe na viza ya Schengen ya kuingia zaidi ya mara moja na mambo ya Uturuki uyashughulikie pembeni. Hivyohivyo zile za Adriatiki zinazotia nanga Kotor: Montenegro haiko Schengen, wakati jirani yake Kroatia imo tangu Januari 2023, sasa ukiwa na viza ya kuingia mara moja tu, ukishatoka Dubrovnik kwenda Kotor huna tena mlango wa kurudia. Na zinazoondokea Southampton kwenda kwenye fiodi za Norwe, zile ghuba nyembamba katikati ya milima, zinataka viza ya Uingereza na ya Schengen juu yake. Maombi ya Schengen yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, bima ya matibabu ya angalau yuro 30,000 ni lazima, kwa hiyo ile ofa tamu ya meli inayoondoka wiki tano zijazo iache ipite tu, imewekwa kwa ajili ya wastaafu wa Kijerumani.

Alaska ndo inawanasa watu bila kujua. Vijana walioko Marekani wanataka kumpeleka mama akaone barafu, mama ana viza ya Marekani tayari ya kutembelea wajukuu, wanaona safari ya kutoka Seattle kwenda Juneau, Skagway na Ketchikan na kurudi Seattle, wanasema hii yote si Marekani tu. Hapana. Kuna sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inayozuia meli zenye bendera ya nje kuzungusha abiria kwenye bandari za Marekani bila kugusa nchi nyingine, na meli za kitalii karibu zote zinapeperusha bendera za nje kama Bahamas, Malta, Bermuda au Panama, ndo maana safari za Seattle utakuta zimewekewa masaa machache kwenye bandari ya Canada, mara nyingi Victoria, mara nyingi usiku usiku hata hakuna cha kuona. Hayo masaa machache yanamtaka mama awe na ruhusa ya kuingia Canada hata kama hana mpango wa kushuka. Watoto wenye grini kadi, yani kibali cha kuishi Marekani moja kwa moja, wanapita bila viza ya Canada, mama hapiti. Wanagundua hilo bandarini, masanduku yamesharundikwa.

Kama habari ya viza inakuchosha, upande wetu kupo. Meli za kifahari huwa zinashuka Bahari ya Hindi kati ya Novemba na Machi hivi, Ulaya ikiwa baridi, ndo zile watu wa Mombasa na Unguja wanaziona zimetia nanga abiria wanamiminika Fort Jesus au Mji Mkongwe kwa nusu siku. Pasipoti za Kenya na Tanzania zinaingia Afrika Kusini bila viza kwa ziara fupi, na Ushelisheli hawamtaki mtu viza, unajaza kibali chao cha mtandaoni kabla ya kupanda ndege. Ponant, kampuni ya Ufaransa yenye meli ndogo, imekuwa ikizungusha watu visiwa vya Ushelisheli, na mizunguko ya Cape Town inafanywa na kampuni kadhaa za daraja la juu. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano usiisahau, na pasipoti iwe na miezi sita mbele baada ya kurudi. Walioko Ghuba nao wana zao za kipupwe, Dubai, Abu Dhabi, Doha, Muscat, ila angalia kama kibali chako cha Imarati kinakuruhusu kutoka na kuingia tena.

Njia ikishakaa sawa, isome ratiba yenyewe kwa jicho baya. Makampuni yanaandika majina ya miji ambayo meli haiwezi kufika. Ukiona Roma ujue ni Civitavecchia, kama kilomita 70 kutoka mjini. Florence ni Livorno, zaidi ya saa nzima barabarani. Paris ni Le Havre, karibu kilomita 200, yani unatumia siku yako kwenye basi ukaone Mnara wa Eiffel kwa dakika arobaini urudi mbio. Berlin ni Warnemünde, mbali hivyohivyo na zaidi. Na Venice, tangu Agosti 2021 meli kubwa zimepigwa marufuku kupita katikati ya mji, kwa hiyo safari nyingi zinazoitwa za Venice zinaanzia Ravenna au Trieste. Hilo si kosa, Trieste mji mzuri, ila ujue unacholipia. Halafu angalia masaa: meli inayofika saa mbili asubuhi na kuondoka saa nane mchana haijakupa mji, imekupa picha. Hapa ndo kampuni za kifahari zinapoanza kutofautiana kweli, maana nyingi zinakaa mpaka usiku au zinalala bandarini, unakula chakula cha jioni mjini kama mtu mzima, na meli ndogo zinaingia sehemu kama Portofino au Hvar ambako meli zenye watu elfu tano hazina pa kujibana. Santorini wote mnashushwa kwa boti ndogo, na tangu Julai 2025 Ugiriki inatoza abiria wa meli ada ya kushuka, msimu wa kilele ni yuro 20 kwa kichwa kwa Santorini na Mykonos.

Sasa meli. Sahau nyota, kila mtu anajipa nyota anazotaka. Kuna hesabu moja ndogo inayosema ukweli kuliko brosha nzima: chukua ukubwa wa meli, ule unaoitwa grosi tani, ambao si uzito bali ni kipimo cha nafasi yote ya ndani, gawa kwa idadi ya abiria wakiwa wawili wawili kila chumba. Icon of the Seas ya Royal Caribbean iliyoanza 2024 ina grosi tani 248,663 na abiria 5,610, ukigawa unapata kama 44. Seven Seas Explorer ya Regent ina kama 55,000 kwa abiria 750 hivi, unapata 73. Silver Nova ya Silversea ya mwaka 2023 iko kwenye 75, Explora I ya mwaka huohuo karibu 69. Meli kubwa kuliko zote hizo ndo yenye nafasi ndogo kwa kila mtu, na hiyo namba utaihisi kwenye lifti, kwenye viti vya bwawa, na siku ya kushuka. Ya pili ni wafanyakazi. Icon ina wafanyakazi kama 2,350, yani mmoja kwa abiria wawili na nusu hivi, Explorer wako zaidi ya 500 kwa watu 750. Ndo maana mhudumu wa baa siku ya pili anajua chai yako unainywaje, hana uchawi wowote, watu wake ni wachache.

Majina ni mengi ila wenye mali ni wachache, ukijua hilo kichwa kinatulia. Carnival wana Seabourn na Cunard. Royal Caribbean Group wana Silversea. Norwegian wana Regent na Oceania. MSC, wale wa makontena mnaowaona bandarini Dar na Mombasa, wameanzisha Explora Journeys. Jina la Ritz-Carlton wa mahoteli nalo liko kwenye meli tangu 2022, ya kwanza Evrima inabeba watu 298 tu. Viking ilianzishwa na Torstein Hagen wa Norwe, ilianza na mito mwaka 1997 ikaingia baharini 2015, haichukui mtu chini ya miaka 18 na haina kasino, wengine wanaiona baridi kidogo, mimi naona ndo inayomfaa mtu mzima asiyependa makelele. Tabia zinatofautiana: Seabourn na Silversea jioni ni mazungumzo na muziki wa piano, Explora imejaa vijana zaidi kidogo na ina sehemu ya watoto, Cunard ni mambo ya Kiingereza ya zamani, chai saa kumi jioni na usiku wa magauni.

Kuhusu mavazi watu wanaogopa bure. Viking na Regent hawana usiku rasmi wa lazima, shati zuri na suruali inatosha, gauni la kawaida linatosha. Cunard ndo wana usiku wa gala ambapo mwanaume anatakiwa suti nyeusi au taksido, ila vazi rasmi la kitaifa linakubalika, na kanzu safi yenye koti au joho hapo inapendeza kuliko taksido ya kukodi, na kina mama na vitenge vyao vilivyoshonwa vizuri msijali kabisa.

Bei ndo penye mtego mkubwa, tukae hapa kidogo. Bei unayoiona ni ya mtu mmoja, kwa masharti kwamba mko wawili chumbani. Ukisafiri peke yako kawaida unalipia na kitanda kisicho na mtu, inaweza kufika mara mbili nzima, japo baadhi ya safari kampuni za kifahari hushusha hiyo nyongeza hadi robo au chini ya hapo, uliza moja kwa moja maana hawaitangazi sana. Halafu kuna kilichomo na kisichomo. Regent wanaweka ndani vinywaji, bakshishi, waifai na matembezi mengi ya bandarini. Silversea na Seabourn vinywaji, bakshishi na waifai vimo, na Silversea kila swiiti, yani chumba kikubwa chenye sehemu ya kukaa, ina mhudumu wake binafsi. Explora vinywaji na bakshishi vimo ila matembezi unalipa. Viking wanakupa tembezi moja kila bandari, waifai, na bia na divai wakati wa chakula cha mchana na usiku tu. Vifurushi hivi vinabadilika kila msimu, kwa hiyo soma karatasi ya safari yako wewe, siyo ya jirani. Na ukiona wanasema ndege imo, uliza ndege kutoka wapi, mara nyingi ni kutoka miji ya Marekani, Canada au Uingereza, wewe wa Dar au Bujumbura omba bei isiyo na ndege.

Tupige hesabu ya mfano, namba za kubuni ila ziko karibu na hali halisi. Meli kubwa ya kawaida, chumba chenye balkoni, siku saba, dola 1,400 kwa mtu. Meli ya kifahari ambayo kila kitu kimo, siku saba, dola 4,200. Mara tatu, unasema hapana. Ngoja sasa. Kwenye ile ya kwanza ongeza bakshishi dola 18 kwa siku, hiyo 126. Kifurushi cha vinywaji dola 80 kwa siku, 560. Waifai dola 20 kwa siku, 140. Matembezi manne kwa dola 110, 440. Migahawa miwili ya kulipia kwa dola 60, 120. Jumla 2,786, na bado hujanunua picha wala chochote cha spa. Kwa hiyo tofauti ya kweli ni kama mara moja na nusu. Hapo mtu anaweza kusema sawa, nusu hiyo ya ziada nanunua nafasi, utulivu na chumba kikubwa.

Lakini hesabu hiyohiyo irudie kwa mtu asiyekunywa pombe, na kwetu hao ni wengi sana. Ile 560 inatoka, meli ya kawaida inabaki 2,226, na ya kifahari iko palepale 4,200 kwa sababu hawakupunguzii hata senti kwa kunywa juisi. Tofauti imerudi karibu mara mbili. Yani shampeni ya mezani kwa jirani umeichangia. Simaanishi usiende, namaanisha kwa asiyekunywa kampuni isiyoweka baa yote ndani ya bei, kama Viking au Oceania, inaweza kuwa na akili zaidi kuliko ile inayojisifu kwamba kila kitu kimo. Na tahadhari nyingine kwenye meli kubwa: kampuni kadhaa zinadai kama mmoja chumbani akinunua kifurushi cha pombe basi watu wazima wote wa chumba hicho wanunue, baba anataka bia mbili mama analipishwa soda kwa bei ya bia.

Kwa Waislamu swali la chakula lisisubiri mpaka mmeketi mezani. Kampuni nyingi za kifahari zinaweza kuandaa nyama halali ila lazima iombwe wakati wa kubuku au wiki kadhaa kabla, maana stoo inapakiwa bandarini na katikati ya bahari hakuna bucha. Jiko ni lilelile moja, kwa hiyo anayetaka uhakika kamili atakula samaki na mboga, na samaki wa meli hizi si wa kuonea huruma. Kuna njia nyingine pia: AROYA, kampuni ya Saudia iliyoanza Desemba 2024 kutokea Jeddah, meli nzima haina pombe wala kasino na chakula ni halali. Ni meli kubwa ya kifamilia, si ndogo ya utulivu, ila kwa familia ambayo ingetumia wiki nzima kuuliza kila sahani ina nini, huo nao ni ufahari wa aina yake.

Kuna njia ya katikati ambayo mawakala wanaipenda sana, na kwa familia yenye watoto mimi mwenyewe naiunga mkono. Meli kubwa zimetenga sehemu ya juu yenye ufunguo wake, mgahawa wake na bwawa lake: MSC wanaiita Yacht Club, Norwegian wanaiita The Haven, Celebrity wanaiita The Retreat. Watoto wanashuka chini kwenye maslaidi na mabwawa, wazee wanabaki juu na vitabu vyao, unaingia na kutoka melini kwa mlango wa haraka. Ubaya wake ni kwamba ratiba ni ya meli kubwa, bandari ni zilezile za watu elfu tano, na Portofino utaiona kwenye kadi za posta. Kwa wawili peke yao wanaotafuta ukimya naona haifai, bora ile ndogo.

Bahari nayo. Aliyewahi kuvuka mkondo wa Nungwi kwenda Pemba wakati wa kusi anajua tumbo lake likoje, na meli kubwa ya kisasa yenye mabawa ya kutuliza chini ya maji ni nafuu mno kuliko ile boti, ila meli ndogo ya watu 300 itayumba kuliko ya watu 3,000, huo ndo upande wa pili wa udogo ambao brosha hazisemi. Kwa mara ya kwanza chagua Mediterania mwezi wa tano, wa sita au wa tisa, maji yametulia kiasi na joto halijawa la Agosti. Karibi msimu wa vimbunga unaanza Juni 1 hadi Novemba 30, bei zinashuka kwa sababu hiyo. Zile safari za bei ya kutupa za Aprili na Novemba zinazovuka Atlantiki ni meli inahama bara, siku sita saba unaona maji tu, zinafaa mtu aliyeshajua kwamba anapenda meli. Antaktika ni ndoto nzuri lakini Mlango wa Drake ni kama siku mbili kwenda na mbili kurudi kwenye bahari iliyochafuka kuliko karibu zote duniani, usijijaribie huko.

Chumba chukua katikati ya meli, deki ya chini chini au ya kati, ndipo panapotikisika kidogo, na angalia ramani ya deki kuna nini juu yako na chini yako, chumba chini ya bwawa utasikia viti vikiburutwa saa kumi na mbili asubuhi. Kwenye kampuni za kifahari halisi hata swiiti ya bei ya chini ina nafasi ya kutosha na mara nyingi kibaraza, na chakula na huduma ni vilevile kwa wote, kwa hiyo kwa mara ya kwanza nunua ya chini kabisa kwenye meli nzuri badala ya ya juu kabisa kwenye meli ya wastani.

Malipo: kawaida unatanguliza sehemu, salio linakamilishwa miezi mitatu minne kabla ya safari, na kuanzia hapo ukighairi unakatwa zaidi kadiri siku zinavyokaribia. Lipa kwa kadi ya mkopo kama unayo, au hata ya mwanao, si kwa kutuma hela benki. Mwaka 2022 Crystal, jina kubwa kabisa la kifahari, ilianguka baada ya kampuni mama yake, Genting Hong Kong, kufilisika, meli zake mbili zikakamatwa Bahamas kwa madeni ya mafuta, na abiria waliokuwa wametanguliza pesa wakabaki wanahangaika. Waliolipa kwa kadi walikuwa na benki ya kuwapigania. Crystal imerudi tangu 2023 chini ya wamiliki wapya na inasifiwa, lakini hao wa mwanzo walikaa na presha.

Bima isiishie kwenye ile ya Schengen. Meli zina daktari na zahanati lakini unalipa, na ukiugua kiasi cha kutolewa kwa helikopta bili yake inaweza kuzidi safari yenyewe mara nyingi, kwa hiyo tafuta bima inayotaja kuhamishwa kwa dharura kutoka baharini. Mjamzito aliyefikisha wiki ya 24 hapokelewi na kampuni nyingi, mtoto chini ya miezi sita vivyo hivyo. Mzee anayetembea kwa shida mwangalizie bandari zinazoshusha watu kwa boti ndogo, bahari ikiwa na mawimbi hashuki, na ikitokea mara tatu kwenye safari moja umemlipia mama hoteli inayoelea.

Siku ngapi? Saba. Nne ni chache mno, unaanza kuzoea njia ya kwenda chumbani ndo unashuka, na kumi na nne kwa mtu ambaye hajui kama anaipenda bahari ni kamari. Na fika mji wa kuondokea siku moja kabla, maana ndege za kutoka kwetu zinaunganisha Doha, Istanbul au Addis Ababa na kuchelewa kwa masaa matano ni jambo la kawaida, meli haikusubiri. Muda wa ratiba umeandikwa kwa saa ishirini na nne, 17:00 ni saa kumi na moja jioni, na mwisho wa kurudi melini kawaida ni nusu saa kabla ya hapo, kwa saa ya meli ambayo wakati mwingine si saa ya mji. Ukiwa kwenye matembezi yaliyopangwa na meli yenyewe wakichelewa watawasubiri, ukiwa umekodi teksi yako mwenyewe utaiona meli ikiondoka, na kuifuata bandari inayofuata ni kwa gharama yako, kwa idhini yao, na kwa sharti kwamba viza uliyonayo inakuruhusu kuingia hiyo nchi ya pili kwa njia ya ndege.